Andikeni wazi! Neno letu Kikula juu ya karatasi za kuachiliwa



Leo hatutasema juu ya umeme wala juu ya maji, hata kama mambo hayo yanatuchoma kila siku. Tutasema juu ya karatasi moja. Wengine wenu muko nayo nyumbani, imekunjwa katikati ya Biblia ao chini ya godoro. Ni karatasi ile mutoto anatoka nayo wakati wanamuachilia kwa muda, ile kila mutu anaita "provizwari". Iko na muhuri, iko na sinyatiri, na iko na mistari mitatu ao mine ya Kifransa ambayo mutu hasomi, kwa sababu siku ile anawaza kitu kimoja tu: kutoka, kufika nyumbani, kunawa, kula bukari. Anatia sinyatiri yake, anaenda. Na ndani ya mistari ile njo kuna mulango wa kumurudisha.

Tuko na mwenzetu mumoja, kijana wa karte yetu. Jina lake tunaliacha, mama yake alituomba hivyo, na ofisi iliyomushika hatutaitaja, faili ingali wazi. Walimukuta na bangi, ile kidogo ya kuvuta, si ya kuuzisha. Hakukataa. Alikaa ndani, kisha wakamuachilia kwa muda. Karatasi yake tuliisoma mara nyingi. Inasema awe na "mwenendo muzuri", asitembee na "watu wa tabia mbaya", asionekane "mahali pa kuleta mashaka". Basi. Hakuna jina la mahali, hakuna saa, hakuna jina la mutu hata mumoja.

Sasa muangalie maisha yake. Analala chumba kimoja na kaka yake. Kaka yule alishafungwa zamani kwa bangi, akamaliza kifungo chake, leo anasukuma mukokoteni. Ni "mutu wa tabia mbaya" ao ni kaka? Kutoka kwao mpaka sokoni, kwenye anashusha mizigo, njia inapita mbele ya terasi tatu. Ni "mahali pa mashaka" ao ni barabara ya kwenda kutafuta chakula? Usiku mumoja patroli ilimukuta ameikala mbele ya mulango wao, yeye, kaka yake na majirani wawili, wanasikiliza mechi ya Mazembe ku radio. Hawakukuta bangi. Hawakukuta kisu. Walikuta watu wane na radio. Akarudishwa ndani: hakufuata masharti. Sharti gani? "Mwenendo."

Leo ni wiki yake ya tatu.

Siye hatusemi polisi yule alidanganya. Hapo njo jambo linakuwa gumu. Ukichukua karatasi ile namna imeandikwa, polisi alikuwa na haki. Na kama angepita bila kumushika, angekuwa pia na haki. Karatasi ya namna ile haimwambii kijana afanye nini, na haimwambii polisi aangalie nini. Inasema tu: mwenye kukutana na huyu kijana, uamue mwenyewe. Na tunajua wote, usiku, kwenye njia isiyo na taa, kuamua kunakuwa na bei yake.

Basi tulienda kutafuta sheria. Kazi hatuna, lakini kusoma tunajua. Miaka ile ya yuniversite ilitufaa kwa kitu, hata kama haijatupa mushahara.

Sheria yenye kuongoza mambo haya ni dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959 juu ya kufuata kesi za jinai. Iliandikwa mbele ya uhuru, na mpaka leo njo inatutawala. Artikle ya 32 njo inasema juu ya provizwari. Inasema juji anaweza kumuachilia mushitakiwa kwa muda kama mwenyewe anaomba, na mushitakiwa anaweka pesa kwa karani wa tribinali. Tushike hapo kidogo: pesa ile ni rehani, ya kuhakikisha kwamba atakuja wakati wanamwita. Si bei ya kununua uhuru, na haiwekwi mu mufuko wa mutu. Inawekwa kwa karani, na kwa karani unaomba risiti.

Kisha artikle inataja masharti. Mawili yanamupata kila mutu anayeachiliwa: asizuie uchunguzi, na asilete "skandali" kwa mwenendo wake. Juu ya hayo, juji anaweza kuongeza mengine: akae mu muji kwenye magistra wa parke iko na ofisi, asitoke mbali zaidi ya umbali fulani bila ruhusa, asiende mahali fulani palipotajwa (sheria yenyewe inatoa mufano wa gare na bandari) ao asionekane pale kwa saa fulani, ajionyeshe kwa siku zilizopangwa mbele ya mukubwa aliyetajwa, na aje kila mara anaitwa.

Na sasa musikilize vizuri, kwa sababu hapa njo kuna kitu ambacho hakuna mutu alituambia. Artikle ile ile inasema kwamba juu ya umbali, juu ya mahali na juu ya kujionyesha, amri ya juji inapashwa kueleza masharti kwa usahihi. Neno la Kifransa ni "précision". Mwaka 1959! Wabelgiji walioandika vile hawakuwa marafiki wetu, walikuwa wanatunga sheria za kutushika. Na hata wao waliona kwamba huwezi kumukataza mutu "mahali pabaya" bila kutaja mahali gani.

Kwa hiyo karatasi inayosema "mahali pa kuleta mashaka" haifuati sheria ile inayodai kufuata. Siye hatuombi huruma hapo. Tunaomba artikle ya 32 isomwe mpaka mwisho.

Inabaki neno "skandali", maana lile liko ndani ya sheria yenyewe. Skandali ni nini, hapa Kikula? Kuna pastere anayeona nywele za rasta ni skandali. Kuna jirani anayeona muziki wa saa ine usiku ni skandali, na siku nyingine tunamuelewa. Kuna mukubwa anayeona vijana watatu wakisema juu ya pesa za komine ni skandali kuliko zote. Na neno hili liko na ndugu yake: kodi penali ya 1940 inaruhusu mufungwa aliyemaliza robo ya kifungo chake, kama amepita miezi mitatu ndani, aachiliwe na masharti. Vizuri. Lakini inasema anaweza kurudishwa kama amevunja masharti yaliyoandikwa mu karatasi yake, "ao" kwa sababu ya mwenendo mubaya. Ile "ao" ni ndogo lakini inakula watu. Kama masharti yameandikwa na hukuyavunja, mwenendo mubaya ni nini tena juu ya pale?

Konstitisio yetu ya tarehe 18 Februari 2006, artikle ya 17, inasema uhuru wa mutu njo kanuni, na kufungwa ni kitu cha pembeni. Inasema pia hakuna mutu anayefuatwa, anayeshikwa wala anayefungwa isipokuwa kwa sheria na kwa njia ambayo sheria inapanga. Sasa, sheria ambayo huwezi kujua mbele ya kufanya kitu kama kitu kile kimekatazwa, inakupangia njia gani? Artikle ya 18 inadai mutu aliyeshikwa aelezwe sababu mara moja, kwa luga anayosikia. Artikle ya kwanza inataja Kiswahili kati ya luga za taifa. Na karatasi ya provizwari, yenye kuamua kama utalala nyumbani ao mu kasho, inatolewa kwa Kifransa, inasomwa mbio mbio, ao haisomwi hata. Mama wa kijana wetu aliitunza karatasi ile kama hati ya nyumba. Hakujua hata neno moja la ndani.

Tunajua kuna bamama hapa wanaotuangalia kwa macho makali. Mumoja alituuliza wazi wazi, tukiwa tunapita kuwaalika: "Ninyi muliosoma munatetea bavuta bangi? Wangu aliuzisha sufuria zangu, akauzisha mabati ya jikoni, alinipiga. Wakimurudisha ndani mimi nitalala vizuri."

Mama, hatutakujibu kwa artikle. Siye tunakaa mu karte hizi, na vijana wale tulisoma nao. Tunajua bangi na vidonge na lutuku vinafanya nini ndani ya nyumba. Lakini fikiri karatasi ambayo ingekusaidia wewe. Ingeandika: asikaribie nyumba ya mama yake namba fulani, avenu fulani, bila ruhusa. Ajionyeshe kila siku ya Kwanza saa mbili asubuhi. Asionekane kwenye terasi fulani kutoka saa kumi na mbili jioni. Hapo akija kukugongea usiku, wewe unaonyesha karatasi na polisi hana cha kujadili. Na ile karatasi ya "mwenendo muzuri" ilikusaidia namna gani? Wanamushika leo, kesho anatoa kitu kidogo, anarudi kwako na hasira. Maneno ya ukungu hayakulindi wewe, mama. Yanamulinda mwenye kuweza kulipa.

Shida hii si ya Kikula peke yake. Huko Kenya wako na ofisi ya serikali ya maofisa wa probesheni, watu wenye kazi ya kumufuata aliyeachiliwa, na sheria yao inataka korti imueleze mutu masharti kwa luga anayosikia, naye akubali, mbele ya kumuweka chini ya amri ile. Kule amri inakuwa ya miezi 6 mpaka miaka 3, na mwisho wake unajulikana. Kwetu, polisi wa kona njo anakuwa mufuataji, na hakuna aliyemufundisha.

Marekani nao, wenye mabuku mengi ya sheria, walijikwaa hapo hapo. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya Chicago iliangalia sharti lililokataza mutu aliyetoka gerezani kutumia kitu chochote "kinachogeuza hali ya moyo". Juji Richard Posner aliandika kwamba kwa maneno hayo hata kahawa, sigara, sukari na chokoleti vimekatazwa. Siye tungeongeza munkoyo. Tunacheka, lakini muone namna jambo lilienda: kule mutu alipinga sharti lenyewe, na majuji walikubali kulisoma neno kwa neno.

Karibu zaidi na siye, Aprili 2016, Korti Kuu ya Kenya kule Nairobi ilifuta kifungu cha 29 cha sheria yao ya mawasiliano katika kesi ya Geoffrey Andare, aliyeshitakiwa kwa maneno aliyoandika ku Facebook. Haikuwa kesi ya bangi. Lakini sababu inatuhusu: maneno ya sheria ile yalikuwa mapana, mutu hangeweza kujua mbele nini ni kosa. Na tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Arusha, ilitoa maoni yake juu ya sheria za kushika watu kwa sababu eti wanazurura, hawana kazi, hawana makao. Ilisema sheria za namna ile hazipatani na Mukataba wa Afrika, ule Kongo imeukubali tangu 1987. Siye bashomeri wenye diplome, wenye kukaa muchana mbele ya mulango wa baba, tulisoma maoni yale kwa furaha ya pekee.

Juu ya nini tunasumbuka hivi na maneno? Juu tunajua yanafika wapi. Bangi imekatazwa hapa tangu dekreti ya 1903, wakati wa Léopold II, na mvutaji hakuisha. Agosti 2021, wakati "bombe" ilitetemesha Kinshasa, ile dawa inayochanganywa na unga wa ndani ya egzozi za magari, polisi ilikusanya vijana wengi kwa mara moja. Na mbele ya pale, kutoka Novemba 2013 mpaka Februari 2014, kulikuwa operesheni Likofi ya kuondoa bakuluna. Human Rights Watch ilihesabu vijana na wanaume 51 waliouawa na 33 waliopotea. "Kuluna" haikuwa kosa lililoandikwa mu kodi na mipaka yake. Lilikuwa neno tu, kila mwenye silaha akalijaza namna alitaka. Hatusemi karatasi ya provizwari ya Likasi ni Likofi. Tunasema mutu anaanza kuzoea mapema kushikwa kwa neno ambalo hakuna anayeweza kulieleza.

Basi tunafanya nini? Kitu cha kwanza kinafanyika siku ile ile ya kuachiliwa, na hakiombi avoka wa bei. Mbele ya kutia sinyatiri, uliza: mahali gani? saa ngapi? mbele ya nani? Omba jibu liandikwe. Tunajua, ni rahisi kusema hapa kwenye kiti cha plastiki. Mbele ya meza ile magoti yanalegea. Kwa sababu hiyo tunaunda kikundi cha wenzetu waliosoma sheria watakaosindikiza familia. Hawatasema kwa nafasi ya avoka, watasoma karatasi kwa Kiswahili kwa sauti, basi.

Cha pili ni cha saa 24. Mushitakiwa aliyerudishwa ndani kwa sababu eti amevunja masharti, na anayekataa kwamba aliyavunja, iko na saa 24 tangu kurudishwa kwake ili amuandikie juji. Saa 24! Kijana wetu alizimaliza amelala kwenye sima, hakuna aliyemuambia. Tunataka kila dada, kila kaka, kila mama wa Kikula ajue hesabu hii kama anavyojua bei ya makala. Na ile saa ikipita, mambo hayajaisha: kila mara kifungo cha kungojea kinapelekwa mbele ya juji kuongezwa, siku 15 za kwanza zikimalizika, kisha mwezi kwa mwezi, mutu anaweza kuomba tena provizwari. Kwa mwenzetu njo tutafanya vile, na avoka mumoja alishakubali kusimama naye bila kudai pesa. Ombi lake litakuwa fupi: muachilieni, na muandike wazi.

Cha tatu ni kirefu, na hatutadanganya mutu juu ya muda. Artikle ya 162 ya Konstitisio inampa mutu yeyote haki ya kupinga sheria mbele ya Korti ya Konstitisio. Inampa pia haki ya kuinua swali lile ndani ya kesi yake, hapa hapa, na tribinali inapashwa kusimamisha kesi na kupeleka swali Kinshasa. Tunataka swali la "skandali" na la "mwenendo mubaya" liende kule. Lakini mutu aliye ndani anajiuliza, na ana haki: nikisimamisha kesi, nitalala wapi wakati Kinshasa inafikiri? Hatuwezi kumusukuma mutu awe kafara ya mukutano wetu. Tutangoja mutu aliye nje, mwenye kukubali mwenyewe, na familia yake imekubali.

Wengine watasema tumechagua vita ndogo, nchi inawaka moto pembe zote na siye tunabishana juu ya adjektivi. Tuliwaza hivyo pia usiku wa kwanza. Kisha tulienda kumuona kijana yule. Alituuliza swali moja tu, hakuuliza chakula wala pesa: "Nikitoka, nitaruhusiwa kulala chumba kimoja na kaka?" Hatukuwa na jibu. Karatasi yake haikuwa nalo pia.

Siku ya Posho, kutoka saa tatu asubuhi, tutakuwa hapa hapa na meza mbili. Mwenye karatasi ya provizwari, yake ao ya mutoto wake, aje nayo ao alete fotokopi. Orijinali ikae nyumbani kama anaogopa. Tutaisoma naye kwa Kiswahili, tutaweka alama kwenye maneno yasiyo na mipaka, na majina yatafichwa. Haulipi kitu. Mutu akikuomba pesa kwa jina letu, si wetu. Na wewe unayesoma hii ku simu, ukiwa Panda, Shituru, Kambove ao mbali zaidi, ficha jina na namba ya faili kwanza, kisha piga picha ya mistari ile ya masharti, ututumie.